Kuchagua Vifaa vya Kuandaa Maganda ya Risasi Yatakayojazwa Upya

Mwongozo huu unahusu maganda ya .308 Winchester, aina ambayo walenga shabaha wengi wa Marekani huijaza upya nyumbani, na unaishia pale ganda linapokuwa tayari kupokea fataki, yaani kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Habari za baruti na vipimo vyake hazimo. Msomaji aliye Kenya au Tanzania akumbuke kwamba huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.

Hatua ya 1: Nunua vipimo kabla ya mashine. Anza na kalipa ya chuma, yaani kipimo chenye taya, inayosoma hadi sehemu moja ya elfu ya inchi. Kila linapofyatuliwa na kurudishwa kwenye umbo lake, ganda hurefuka kidogo shingoni. Kwa .308 urefu wa mwisho unaokubalika ni inchi 2.015 (milimita 51.18), na likikatwa huachwa kwenye inchi 2.005. Ganda lililopita kipimo hicho hugota mwisho wa chemba (sehemu ya mtutu linamokaa ganda), mdomo wake ukakibana kichwa cha risasi, na shinikizo likapanda kufikia kiwango cha hatari. Pamoja na kalipa, nunua kile kipande kidogo kinachofungwa kwenye taya lake ili kupima umbali kutoka kitakoni hadi begani, pale ganda linapopungua kuelekea shingo. Wengi hukiruka kwa sababu hakionekani kufanya kazi yoyote. Mimi ningekinunua hata kabla ya mashine ya kubania, ile inayosukuma ganda ndani ya kalibu (hatua ya 3).

Hatua ya 2: Usafi, bila kupita kiasi. Bakuli la kutikisika lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa linatosha kwa anayeanza. Pipa la kuzunguka lenye maji, sabuni na sindano ndogo za chuma kisichoshika kutu hung'arisha hadi ndani, na kama fataki kuukuu zimeshatolewa, husafisha pia vishimo vyake, lakini baada ya hapo maganda lazima yakaushwe kabisa. Mng'aro wenyewe haumsaidii mtu kulenga. Jambo la kuzingatia hapa ni vumbi: mabaki ya fataki huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo magunzi yachekechwe nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa, na chekecheo lisirudi jikoni.

Hatua ya 3: Kalibu ya kurudisha umbo. Kalibu ni kifaa cha chuma chenye tundu ambamo ganda husukumwa ili lirudi kwenye umbo lake. Chagua inayobana ganda zima, si shingo peke yake, hasa kama bunduki yako ni ya kujipakia yenyewe. Maganda ya bastola yaliyonyooka yana kalibu za kabaidi (madini magumu sana) zisizohitaji mafuta. Ganda lenye bega kama .308 lisipopakwa mafuta maalumu hunasa ndani ya kalibu, na kulitoa ni kazi ya kutoboa na kuvuta kwa parafujo. Kwa bunduki ya bolti, inayopakiwa kwa kuvuta komeo kwa mkono, bega lirudishwe nyuma kwa takriban inchi 0.002 (milimita 0.05) kulingana na ganda lililofyatuliwa katika bunduki hiyohiyo, na hapo ndipo kile kipimo cha bega kinaporudisha gharama yake. Anayelisukuma bega kupita kiasi kila mara hudhoofisha ukuta wa ganda juu kidogo ya kitako, mpaka siku moja likatike likiwa ndani ya chemba. Udhaifu huo huweza kuhisiwa mapema kwa waya mwembamba uliokunjwa ncha na kuburutwa kwenye ukuta wa ndani.

Hatua ya 4: Kikatio. Kikatio cha Lee, chenye kijiti cha urefu maalumu kinachopita kwenye tundu la moto (kitundu cha kitakoni kinachopitisha moto wa fataki), ni cha bei nafuu na hakina cha kurekebisha. Vya Wilson na Forster ni mfano wa mashine ndogo ya kukerezea: sahihi, ila polepole. Mashine ya Giraud huendeshwa na mota, nayo hukata na kulainisha kingo za mdomo, ndani na nje, kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kulipa, uliza kikatio kinaegemea wapi. Kinachoegemea begani, kama cha Giraud, huhamishia kwenye urefu kila kosa lililofanywa katika hatua ya 3. Kwa sababu hiyo umbo hurudishwa kwanza, kukata hufuata. Vikatio vingine vikihitaji kifaa cha mkono cha kukwangua kingo, cha kawaida kinatosha.

Hatua ya 5: Maganda ya kijeshi. Maganda ya kiwanda cha Lake City, yenye herufi LC kitakoni, mara nyingi huwa na fataki iliyobanwa kwa ukingo wa shaba. Ukingo huo huondolewa kwa kuusukuma kwa kifaa kama Super Swage cha Dillon, au kwa kuukwangua. Napendelea kusukuma, kwa kuwa hakuna shaba inayopotea. Asiyetumia maganda ya jeshi aruke hatua hii.

Hatua ya 6: Moto, baadaye. Shingo hukakamaa kwa kubanwa mara kwa mara, kisha hupasuka; moto huirudishia ulaini. Tochi ya gesi na kifaa cha kuzungushia ganda vinatosha, na mashine ya umeme ya AMP kutoka New Zealand inaweza kusubiri miaka. Joto liishie shingoni na begani. Ganda lililopata moto hadi karibu na kitako haliwezi tena kuhimili shinikizo: lifinye mdomo kwa koleo ili lisichanganyike na mengine, kisha litupe.