Pikapu Inayotetemeka Ikifika Kilomita 100

Kwanza jua mtetemo unatokea wapi. Ukiusikia kwenye usukani, anza na tairi za mbele. Ukiusikia kwenye kiti, angalia nyuma: tairi au propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma). Yangu ilikuwa shwari hadi kilomita 90 kwa saa, ikigusa 100 hata kioo cha ndani kinacheza.

Nilifanya balansi mara tatu bila nafuu. Balansi hupima uzito tu; tairi isiyo duara kamili inaweza kupita kwenye mashine na bado ikakutikisa. Inua gurudumu kwa jeki, simamisha kipande cha mbao karibu na uso wa tairi, lizungushe polepole. Pengo likipanuka na kubana, umeipata. Ondoa pia tope lililoganda ndani ya rimu.

Tairi zikiwa sawa, zima gari, weka vigingi, ingia chini. Zungusha shafti kwa mkono huku na huku ukikodolea krosi (kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha ya shafti), maana difu (gia za ekseli ya nyuma) nayo huwa na uchezaji wake kidogo wa kawaida. Krosi yangu ilikuwa imezungukwa na unga mwekundu wa kutu, dalili kwamba imekwisha. Kabla ya kufungua boliti, chora alama ya rangi kwenye flenji zote mbili (sahani za chuma zinazoungana kwa boliti), shafti irudi ilivyokuwa. Tafadhali usiruke hili.