Mtoto wako anakula nywele? Anzia hapa

Nilianza kula nywele zangu nikiwa na miaka 9. Nilipofika 15 nilipasuliwa tumbo, likatolewa bonge jeusi lenye umbo lile lile la tumbo, kama udongo uliofinyangwa ndani ya chungu. Sasa nina watoto, na wazazi wenzangu huniuliza watazame nini.

Tazama kichwa. Palipong'olewa huwa na nywele za urefu tofauti tofauti, na ngozi haina magamba kama ya mapunye. Kisha tazama mkono: wangu wa kulia uliandika, wa kushoto uking'oa. Wengine hawang'oi kabisa. Hutafuna ncha za msuko, huokota zilizobaki kwenye kitana, au hata huzitoa kwa mwanasesere.

Usimchape, wala usimpake kitu kichungu vidoleni. Nilipakwa, nikahamia chooni. Hapo ndipo siri ilipokomaa.

Nywele hazimeng'enyeki. Kwa kuwa zinateleza, tumbo linashindwa kuzisukuma mbele. Hunasa kwenye mikunjo yake, zikafungamana na ute na chakula. Mtoto hushiba kwa vijiko vitatu, hutapika, hukonda, hupungukiwa damu, na mdomo hunuka hata akipiga mswaki. Ukimbonyeza juu ya kitovu unaweza kugusa kitu kigumu. Wakati mwingine bonge huota mkia unaoshuka hadi kwenye utumbo mdogo. Tangu 1968 madaktari huuita ugonjwa wa Rapunzel, binti wa hadithi mwenye nywele ndefu, jina zuri mno kwa jambo lenyewe. Maumivu makali ya ghafla, kutapika kusikokoma, au kukosa choo na tumbo limevimba: nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani utumbo unaweza kuziba au kutoboka. Dawa ya kumfanya aharishe usithubutu kumpa.

Mbele ya daktari litamke neno lenyewe: nywele. Mimi nilitibiwa minyoo, kisha vidonda vya tumbo, miezi minane yote, kwa sababu hakuna aliyeuliza nami nikanyamaza kwa aibu. Akishajua, ataagiza picha au atapitisha kamera mdomoni. Bonge kubwa kwa kawaida halitoki kwa kamera, hupasuliwa. Omba pia apimwe madini ya chuma, maana upungufu wake huenda pamoja na hamu ya kula visivyolika.

Mshono ukipona, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu bonge linaweza kurudi. Mtafute mwanasaikolojia anayejua tabia hii. Wangu alinipa daftari niandike kila mkono ulipopanda kichwani: ulikuwa saa ngapi, nilikuwa nafanya nini. Baada ya wiki mbili tuliona karibu zote ni jioni, nikisoma peke yangu. Basi nikahamishiwa sebuleni, nikafundishwa kukunja ngumi kwa dakika moja kila hamu inapokuja. Kunyolewa kuliwahi kunisaidia wiki chache tu. Mkono ukagundua nyusi.

Hadi leo nikishika kitabu, mkono wa kushoto huwa na kamba yenye mafundo.