Kuutunza Mshono wa Upasuaji Usipate Maambukizi

Mgonjwa akitoka hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, huku kwetu Mtwara na Lindi, akiwa na mshono, ndugu hudhani kwamba iliyobaki ni uji na usingizi tu. Hata hivyo, maambukizi ya jeraha la upasuaji huweza kujitokeza hadi siku 30 baadaye, na hadi siku 90 kwa baadhi ya wagonjwa waliowekewa kifaa mwilini, kama vile chuma cha kuungia mfupa. Mengi huonekana mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Kinga huanza kabla ya upasuaji. Mgonjwa aoge kwa sabuni, ya kawaida inatosha, usiku wa kuamkia siku hiyo au asubuhi yake, na asijinyoe kwa wembe sehemu itakayopasuliwa, kwa kuwa wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo vijidudu huzaliana. Nywele zikiwa kikwazo, wahudumu watazipunguza kwa mashine. Mwenye kisukari aseme mapema, na mvutaji wa sigara aache wiki kadhaa kabla. Antibiotiki ya kinga, inapohitajika, hutolewa ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kukatwa, na kwa kawaida haiendelezwi baada ya upasuaji; kwa hiyo msinunue dawa dukani eti kuongezea nguvu.

Nyumbani ndiko penye mvutano, hasa kwa mzazi aliyejifungua kwa upasuaji. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto inatokana na mapenzi, lakini kitambaa cha moto kinachokandamizwa tumboni hulowesha mshono, huvuta nyuzi, na huweza kumuunguza bila yeye kuhisi vizuri, kwani ngozi iliyo karibu na mshono mara nyingi huwa na ganzi. Mkwe akishika beseni, ni heri mume, wala si mzazi mwenyewe, amwambie kwa adabu: "Mama, tunakushukuru, ila muuguzi amesema tumbo lisiguswe mpaka mshono upone."

Anayehudumia kidonda anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kukigusa. Bendeji ya kwanza iachwe kwa saa 48, isipokuwa imelowa au muuguzi ameagiza vinginevyo. Baada ya hapo mgonjwa huweza kuoga maji ya kumwagia, asijitumbukize baharini wala bwawani, kisha ajikaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa safi, si kwa kusugua. Katika joto la pwani yetu, jasho hujikusanya chini ya mkunjo wa tumbo. Mkunjo huo uinuliwe na kukaushwa mara kwa mara. Msinyunyizie unga wa vidonge vya rangi mbili, majivu wala dawa ya meno. Na hata kama ni msimu wa korosho, magunia yabebwe na wengine.

Kitazameni kidonda kila siku penye mwanga. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaotambaa (kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kama weusi uliokolea), uvimbe, usaha, harufu mbaya, mshono kufumuka au homa ya nyuzi 38 na zaidi ni sababu ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo. Anayeishi mbali, kama vijiji vya Liwale, aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na karatasi aliyopewa alipotoka hospitali.