Mgagani wa bure baada ya mvua, unavyouchuma na kuupika

Jamani mvua za masika zikishika huku Dar, Chanika, Goba na Kigamboni, mgagani, ile mboga ya majani, unajiotea wenyewe kwenye viwanja vya watu ambavyo havijajengwa, af mtu anaukanyaga anaenda genge kununua mchicha uliolala.

Kuujua ni rahisi. Jani moja limegawanyika vijani vitano hivi kama vidole vya mkono, shina lina vinyweleo na ukilishika linanata, harufu yake kali kiasi, maua meupe au yana kapinki kwa mbali yenye nyuzi ndefu kama sharubu za paka. Ukikuta maua ya njano acha, huyo ni ndugu yake tu, na kama bado huna uhakika muite mama yeyote wa makamo hapo mtaani akuangalizie kabla hujachuma.

Sasa pa kuchuma ndo penye kazi. Usichume bonde la Msimbazi, wala kando ya barabara kubwa, wala karibu na dampo au gereji, maana ule uchafu wa kwenye maji na udongo unaingia kwenye jani na kuosha hakuutoi. Na uliza mwenye kiwanja, isije ikawa amepulizia dawa juzi.

Chuma asubuhi, kata ncha laini tu, mche uache uchipue tena. Ukishaanza kutoa yale maganda marefu membamba ya mbegu majani yanakuwa machungu kweli.

Osha maji matatu, chemsha dakika kama kumi, mwaga maji, kamua. Mi nilijifanya mjanja siku ya kwanza sikumwaga, watoto wakala ugali na chumvi. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, malizia na tui zito au karanga za kusaga, uchungu unabaki kidogo tu, na ndo utamu wenyewe huo. Ukizidi chemsha kidogo anika kivulini utunze.

Upande wa dawa, wazee wanampa mzazi aliyetoka kujifungua wanasema unarudisha damu, na kweli una madini ya chuma, ila kama daktari kakuandikia vidonge meza vidonge, mgagani uwe mboga. Kuna wanaokamulia maji ya majani kwenye sikio linalouma, hapo mi sipo, sikio nenda nalo hospitali.