Ukinunua motokari ya okazioni, anza hapa

Wandugu wa Lubumbashi, motokari ya okazioni (iliyokwisha kutumika) iliyoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa usiipeleke Likasi wala Kolwezi kabla ya kuifanyia vidanji, yaani kubadilisha mafuta na filta. Kilometraji ya dashibodi inarudishwa nyuma kirahisi, kwa hiyo kama hakuna karatasi za matengenezo, hesabu kwamba hakuna kilichobadilishwa. Anza na mafuta ya moteri na filta yake, kisha filta ya hewa, maana vumbi letu jekundu la kiangazi linaiziba upesi.

Ninachosisitiza zaidi ni mkanda wa ndani wa moteri, ule unaoendesha vali, si ule wa dinamo. Ukikatika njiani, kwenye moteri nyingi pistoni zinagonga vali, na hapo unaweza kulipa karibu bei ya moteri nyingine. (Moteri nyingine zina mnyororo, muulize mekanisiani wako kwanza.) Kama haijulikani uliwekwa lini, ubadilishe. Na kama ndio unaozungusha pampu ya maji, badilisha pampu nayo, kwani kazi ya kufungua ni ileile.

Garanti ya mdomo usiikubali. Iandikwe: inashika moteri na giaboksi kwa siku ngapi, nani analipa vipuri, nani analipa mkono wa fundi. Muuzaji akikataa kusaini, mwombe apunguze bei kwa kiasi cha matengenezo hayo.

Matairi pia: tazama tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.