Faiba ikikatika, tovuti iliyo ofisini ibaki hewani

Julai, msimu wa wageni umechanganya, dada mwenye kampuni ya safari hapa Njiro, Arusha, akanipigia: "Kaka, wateja wanasema tovuti haifunguki. Mbona mimi naingia YouTube vizuri tu?" Wachimba mtaro walikuwa wamekata faiba, na ruta ilihamia laini ya simu kama nilivyoipanga. Ofisi ilitoka nje bila shida. Aliyetaka kuingia ndiye aligonga mwamba.

Seva yake iko chini ya meza ya mhasibu na hataki kuihamisha. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Laini ya pili

Chukua kampuni nyingine, tena kwa 4G, maana faiba mbili kwenye nguzo zilezile hukatwa na lori moja. Nunua ruta ya SIM yenye matundu ya antena za nje. Modemu za USB sizitaki kabisa, zinachemka. Halafu usitegemee miujiza: 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba nchi nzima.

Hatua ya 2: Umeme

UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika. Usisahau kile kiboksi cha faiba cha ukutani.

Hatua ya 3: Ruta ihame yenyewe

Natumia ruta za MikroTik, zingine zinanipotezea muda. Faiba ipe distance 1, 4G distance 2; yenye namba ndogo ndiyo hutumika kwanza. Usiiache ipingi (itume ujumbe mfupi na kungoja jibu) kifaa cha kwanza cha kampuni ya faiba, kwa sababu chaweza kujibu hata kama njia imekufa huko mbele. Ipangie ipingi 1.1.1.1, seva ya Cloudflare iliyo mbali huko intaneti, kupitia faiba tu. Inapingi kila sekunde 10. Ikikosa jibu mara mbili, inahama.

Hatua ya 4: Mlango wa kuingilia

Hapa ndipo nilipolala ofisini kwa watu.

Laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya IP ya kwako peke yako. Angalia kwenye ruta: ukiona inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, ujue mnachangia anwani moja ya nje na wateja wengine. Kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia, wala DNS inayojibadilisha (jina la tovuti kufuata IP mpya kila inapobadilika).

Dawa ni kukodi seva ndogo nje yenye anwani ya kudumu (wateja wa dada ni wa Ulaya, nikakodi Ujerumani), kisha seva ya ofisini ndiyo iipigie kwa WireGuard, programu inayochimba handaki la siri kati ya seva mbili. Weka `PersistentKeepalive = 25`, ili itume pakiti kila sekunde 25 handaki lisilale. Jina la tovuti lielekeze kwenye seva ya kukodi, na humo nginx, programu ya seva ya tovuti, ipokee wageni iwapitishe kwenye handaki. Kurasa zikifunguka nusu na kuganda, shusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya WireGuard hadi 1280.

Nikachomoa waya wa faiba kwenye ruta: safi. Wiki iliyofuata faiba ikakatika kweli, handaki likafa na halikurudi. Ilinichukua saa tano kuelewa. Ukichomoa waya kwenye ruta, masquerade (kanuni ya ruta inayobadili anwani za ndani kuwa ya nje) inafuta kumbukumbu za mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. Njia ikikatika mbali, taa ya ruta inaendelea kuwaka na kumbukumbu inabaki, kwa hiyo pakiti zinatoka kwa 4G zikiwa bado na anwani ya faiba, nazo zinatupwa. Mbaya zaidi, zile sekunde 25 ndizo zinazoifanya kumbukumbu isife!

Basi weka Netwatch, kifaa cha uchunguzi kilichomo ndani ya MikroTik, ichunge 1.1.1.1, na ikishuka ifanye hivi (51820 ni poti ya WireGuard):

`:delay 30s; /ip firewall connection remove [find dst-address~":51820"]`

Hizo sekunde 30 usizifute. Ukiwahi kabla ruta haijahama, kumbukumbu inajiandika upya ya faiba. Amri hiyohiyo iweke na faiba inaporudi, la sivyo utakwama safari ya kurudi.

Hatua ya 5: Bando

Ruhusu seva peke yake kupita 4G. Kompyuta za ofisi zikijisasisha humo, bando la mwezi halifiki jioni.

Hatua ya 6: Jaribu

Chomoa faiba yenyewe kwenye kiboksi, ule uzi wenye kichwa cha kijani, wala si waya wa ruta. Usiuchungulie. Fungua tovuti kwa simu, Wi-Fi imezimwa. Pale Njiro ilipotea kama dakika moja, ikarudi.