Majilio Ujerumani: kabla ya kuwasha mshumaa wa kwanza, angalia wewe umeandikwa dini gani

Kila mwaka ikikaribia Novemba, Waswahili Wakatoliki tulioko Ujerumani huanza kupigiana simu na kuulizana mambo yaleyale: Majilio tutasalia kwa nani, nani ana sebule kubwa, kuna padre anayejua Kiswahili, watoto wabatizwe Noeli au tusubiri Pasaka. Maswali mazuri. Ila kuna moja linalopaswa kutangulia yote hayo, na wengi hawalikumbuki mpaka limewaumiza: kwenye daftari la serikali, wewe umeandikwa una dini gani?

Nyumbani utaratibu tunaujua. Mtoto akitaka kubatizwa unaanzia jumuiya ndogondogo. Mwenyekiti anakufahamu, anajua kama unahudhuria sala, anajua kadi yako ya zaka ikoje, anakuandikia barua, unakwenda kwa katekista. Ujerumani mwenyekiti huyo hayupo. Barua yako unaandikiwa na karani wa manispaa siku unapoandikisha makazi, ile shughuli inayoitwa Anmeldung. Kwenye fomu pana kisanduku cha dini. Utakachojaza pale kitakwenda ofisi ya kodi, kitamfikia mwajiri wako, na kitafika parokiani kwako.

Hapo ndipo ulipo mtego, na umewanasa wengi, mimi nikiwemo. Nilipofika, Mtanzania mwenzangu aliyekuwa mwenyeji alinisaidia kujaza fomu, na penye dini akachora mstari. "Ukiandika Mkatoliki watakukata mshahara," akasema. Alisema kwa upendo. Miaka ikapita, nasali kila Jumapili, natoa sadaka kwenye kapu, sina wasiwasi. Kisha tukambatiza mtoto wetu. Kwenye karatasi za ubatizo nilijaza kwamba mimi ni Mkatoliki, maana ndivyo nilivyo. Muda si mrefu ikaja barua inayodai kodi ya kanisa ya miaka ya nyuma, ile kodi wanayokatwa walioandikwa kuwa waumini.

Nikashauriwa tena na wenyeji: kuna fomu ya kuzuia kodi hiyo, nenda ukasaini, utalipa ada kidogo, yameisha. Nikaenda. Hakuna aliyeniambia kwamba fomu hiyo jina lake ni Kirchenaustritt, yaani kujitoa katika Kanisa. Baadaye ikaja barua kutoka kwa paroko, Kijerumani kizito, nikadhani ni mambo ya kodi tena. Mwaka huohuo, wiki ya pili ya Majilio, ndugu mmoja akaniomba niwe msimamizi wa ubatizo wa mwanawe. Ofisi ya parokia ikaangalia jina langu na kujibu kwamba haiwezekani. Nikaelezwa pia kwamba sipaswi kukomunika. Majilio yale niliyakaa benchi la nyuma, wenzangu wakipanga foleni mimi nimeketi.

Naomba lieleweke vizuri, maana bado nasikia watu wakishauriana vibaya. Mwaka 2012 Baraza la Maaskofu wa Ujerumani lilitoa amri rasmi: aliyejitoa mbele ya serikali hapokei sakramenti, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa, hawi msimamizi wa ubatizo wala wa kipaimara, haingii katika halmashauri ya parokia, akitaka ndoa ya Kanisa sharti apate ruhusa ya juu, na akifa bila kuonyesha dalili ya kutubu, anaweza kunyimwa maziko ya Kanisa. Usiseme "mimi nimetoka kwenye kodi tu, imani ninayo". Profesa mmoja Mjerumani wa sheria za Kanisa alijaribu hoja inayofanana na hiyo, ikafika mpaka mahakama kuu ya utawala kule Leipzig, na mwaka huohuo wa 2012 mahakama ikasema mtu hawezi kujitoa kwenye kodi tu huku akibaki katika Kanisa. Kama hoja ya profesa wa sheria haikukubaliwa, yako na yangu itakubaliwa kwa lipi? Tena kujitoa hakufuti deni la nyuma. Kunasimamisha kodi ya mbele tu. Yaani unaweza kudaiwa zile za nyuma na komunyo ukaikosa vilevile.

Na hiyo kodi tunayoikimbia ni kiasi gani? Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na huku kwenye majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Ya kodi, ndugu zangu, si ya mshahara! Kama kodi yako ya mapato ni euro 300 kwa mwezi, ya kanisa kwa Bavaria ni euro 24. Mwanafunzi asiyefikia kulipa kodi ya mapato hakatwi kitu. Na unapojaza marejesho ya kodi ya mwaka unaiorodhesha, inakupunguzia kipato kinachotozwa.

Shangazi zetu na wajomba mlioko nyumbani, tunawapenda na tunajua mnatutakia mema. Lakini mtu wa Songea asimwelekeze mtu wa Munich jinsi ya kujaza fomu ya Munich. Mnasema "Wazungu wamegeuza Kanisa biashara". Utaratibu huu umo kwenye katiba yao tangu 1919, na ya mwaka 1949 ikauendeleza. Mnaweza kuukosoa, hata mimi nina ya kusema juu yake, ila hautaondoka kwa sababu mtoto wenu kaandika kwamba hana dini. Na sisi wa kusini mwa Tanzania hasa tufikiri mara mbili: Peramiho na Ndanda zilianzishwa na Wabenediktini waliotoka St. Ottilien, hapa hapa Bavaria, shule na hospitali zikajengwa kwa michango ya waumini wa vijiji hivihivi tunavyopita na treni.

Msiwaige Wajerumani wenyewe katika hili. Mwaka 2022 peke yake zaidi ya Wakatoliki 520,000 walijitoa. Wengi wana hasira juu ya watoto waliodhulumiwa na mapadre na juu ya maaskofu walioficha, na hasira hiyo ina haki. Wengine wamechoka kulipia nyumba wasiyoiingia. Lakini Mjerumani anayejitoa anajua anachosaini. Mwafrika anapelekwa kusaini na rafiki yake, halafu Jumapili anakwenda kukomunika kama kawaida, mpaka siku anapohitaji karatasi. Watu wa huku ni wakarimu ukishawazoea, ila imani yao kwa karatasi ni kubwa kuliko kwa uso wa mtu. Paroko anaweza kukupenda, na bado akafuata kilichoandikwa.

Kwa hiyo, unayefika sasa: kwenye kisanduku cha dini andika "römisch-katholisch", kifupi chake rk. Usiandike "Mkristo" ukaishia hapo. Usichague ev, hao ni Walutheri na wenzao. Usichague ak, ukidhani herufi k inatosha. Hao ni Wakatoliki wa Kale, kanisa lingine lisilo chini ya Papa. Kama mtu anakujazia, soma kabla hujasaini. Soma kabla hujasaini!

Aliyekwisha kunaswa, mlango upo. Omba miadi na paroko, mweleze yote, ataomba ruhusa kwa askofu, kisha utakiri imani mbele ya mashahidi. Utahitaji cheti cha ubatizo. Hapa tena nawageukia ndugu wa nyumbani: picha ya simu ya kile cheti kilichokunjwa kabatini haitoshi. Nendeni parokia aliyobatizwa, katibu afungue daftari, aandike nakala mpya, agonge muhuri. Msiache mpaka Desemba, mapadre wakiwa kwenye vigango na katibu yuko likizo.

Sasa Majilio yenyewe. Yanaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba. Ukumbi wa parokia uombeni mapema, kabla vuli haijaingia, na jibu liwe la maandishi. Kwenye Jimbo Katoliki la Würzburg tajeni Jimbo la Mbinga la kwetu, maana majimbo hayo mawili ni marafiki wa miaka mingi na kuna watu pale wanaofahamu "Tumsifu Yesu Kristo" inajibiwaje.

Msikose Misa za Rorate. Ni Misa za alfajiri za kumheshimu Bikira Maria, aghalabu saa 12 asubuhi, kanisa giza, mishumaa tu. Parokia nyingi huandaa kifungua kinywa baada ya Misa, na pale mezani ndipo Mjerumani anapokuuliza jina lako na kulishika. Sijaona njia nyepesi kuliko hiyo ya kuingia katika parokia ya huku. Pelekeni maandazi.

Kuhusu kitubio kuna mtego mwingine mdogo. Desemba matangazo yatasema Bußgottesdienst. Ni ibada ya toba ya pamoja, ni nzuri, lakini si kitubio. Hakuna maondoleo ya sakramenti pale. Ukitaka kuungama, tafuta neno Beichte, au mpigie padre simu. Kwenye parokia za kawaida saa za maungamo ni chache. Miji yenye watawa huwa na nafasi zaidi.

Taji la mishumaa minne mtalikuta kila nyumba, hata kwa wasiosali. Lilianzia kwa Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini Hamburg, mwaka 1839. Wajerumani wengi huweka mishumaa myekundu. Sisi tunaweka mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu. Kwenye jumuiya yetu tunazunguka nyumba kwa nyumba kila wiki: somo, mwanga, rozari, chai. Tunaanza saa 11 jioni ili saa 4 usiku iwe kimya, majirani wasiite polisi. Kuanzia tarehe 16 Desemba tunasali noveni ya Noeli kwa simu, kwa sababu wengine wako zamu hospitalini na kwenye nyumba za wazee.

Tarehe 24 maduka yanafungwa saa 8 mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, kwa hiyo nyama na mchele vinunuliwe tarehe 23. Jioni ile ya 24 Mjerumani anajifungia na familia yake, na mwanafunzi aliyefika Oktoba anabaki chumbani peke yake. Orodha ya wanafunzi hao iandaliwe Jumapili ya tatu, na kila mmoja ajue anakwenda kula nyumba ipi.